Mwanafunzi mwenye Asperger baada ya mchujo wa darasa la sita

Kila matokeo ya mtihani wa darasa la sita yanapotangazwa hapa Zanzibar, mazungumzo huanzia kwenye asilimia za ufaulu na kumalizikia kwenye majina ya waliochaguliwa kuingia madarasa ya vipawa na skuli za michepuo, yaani zile zinazochukua waliofaulu zaidi. Siku hizi, kwa kuwa wazazi wengi zaidi wanaijua habari ya usonji, limeongezeka jambo moja: mtoto ambaye daktari alishasema ana usonji (tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na kuchanganyika na watu), wa aina ile iliyozoeleka kuitwa Asperger, anatokea kuwa miongoni mwa waliofaulu vizuri. Jamaa humpongeza mama yake, na ndani ya pongezi huwamo hukumu: kumbe mtoto ni mzima, yalikuwa maneno ya watu tu. Wapo wengine, na hawa aghlabu ni watu waliosoma, wanaoyachukua matokeo hayohayo kuwa sababu ya kudai skuli ya peke yake kwa watoto wa namna hiyo. Kwa maoni yangu wote wameyasoma vibaya matokeo. Alama za juu zinaeleza kile ambacho mtoto anaweza kufundishwa. Hazielezi anachohitaji ili aweze kukaa darasani siku nzima, na wala hazisemi kwamba atafutiwe jengo la mbali. Ninachokitetea ni kwamba mtoto huyu abaki katika skuli ya kawaida iliyo karibu na kwao, asome kila somo kwa kiwango anachokiweza hata kama ni cha darasa la juu, na apewe nafuu za kila siku, yaani marekebisho madogo kama muda wa ziada au mahali tulivu, kama haki yake, bila ya kusubiri cheti cha hospitali na bila ya kulazimika kwanza afeli.

Hans Asperger alikuwa daktari wa watoto mjini Vienna, Austria. Mwaka 1944 alichapisha maelezo ya wavulana wanne waliokuwa wakisema vizuri, tena kwa lugha ya kikubwa, lakini wakishindwa kwenda sambamba na wenzao na kuzama katika mambo machache waliyoyapenda. Kazi yake haikujulikana sana nje ya nchi zinazosema Kijerumani mpaka mwaka 1981, pale Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, alipoifufua na kuipa hali hiyo jina la Asperger. Marekani iliingiza jina hilo katika mwongozo wake wa magonjwa ya akili mwaka 1994 na ikaliondoa mwaka 2013. Shirika la Afya Duniani nalo lililiacha katika orodha mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Hali yenyewe haikufutwa. Imehesabiwa kuwa sehemu ya usonji, kwa mtu asiyekuwa na ulemavu wa akili wala tatizo kubwa la lugha. Ninaendelea kulitumia jina hilo kwa sababu ndilo lililoandikwa katika karatasi za watoto wengi na ndilo ambalo wazazi wao wanalijua.

Katika historia hiyo kuna jambo linalouhusu mjadala wetu kuliko linavyoonekana. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alionyesha, kutokana na nyaraka za Vienna, kwamba Asperger alipeleka watoto katika kituo cha Am Spiegelgrund, ambako utawala wa Wanazi uliwaua watoto wenye ulemavu. Mmoja wao alikuwa msichana ambaye hakutimia hata miaka mitatu; Asperger aliandika kuwa mtoto huyo ni mzigo usiobebeka kwa mama yake. Huyu ndiye daktari aliyewasifu wavulana wenye akili nyingi. Nalitaja kwa sababu hoja inayopendwa zaidi kwetu ni ya manufaa: watunzwe hawa, maana kesho watakuwa wahandisi na wavumbuzi. Elon Musk alipotamka katika televisheni ya Marekani mwaka 2021 kwamba ana Asperger, hoja hiyo ilipata nguvu mpya mpaka katika makundi yetu ya WhatsApp. Mimi siitaki. Mtoto aliyefaulu anastahili kusaidiwa kwa sababu ileile inayomfanya yule asiyesema kabisa astahili, na tukianza kuwapima kwa faida watakayoleta tutamwacha huyo wa pili, na wa kwanza tutamtwika deni la kuwa gwiji.

Tunazungumzia watoto wangapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2022 iliihesabu Zanzibar kuwa na watu 1,889,773, kwa hiyo, tukichukua makisio hayo kama yalivyo, tunazungumzia watu wapatao 15,000 wa kila umri. Si wote walio na vipawa vya darasani, bila shaka. Lakini si kweli pia kwamba usonji na ulemavu wa akili ni kitu kimoja: katika takwimu za Marekani za mwaka 2020, miongoni mwa watoto wa miaka 8 wenye usonji ambao akili zao zilipimwa, asilimia 37.9 ndio waliokuwa na ulemavu wa akili, na zaidi ya thuluthi moja walikuwa na akili za wastani au zaidi ya wastani. Wale wa juu kabisa, ambao ndio ninaowaandikia, ni wachache, na wametawanyika kutoka Makunduchi, kusini ya Unguja, mpaka Konde, kaskazini ya Pemba. Utawanyiko huo una maana kubwa katika hoja itakayofuata.

Namfahamu kijana mmoja wa Wete ambaye alipokuwa darasa la tano, ukimtajia tarehe ya mwezi mwandamo, alikutajia saa ya maji kujaa bandarini, na ukimuuliza amejuaje, alikueleza kwamba maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku na kwamba bamvua, yaani maji makubwa, hufuata mwezi mchanga na mwezi mpevu. Alipotakiwa kuandika insha juu ya sikukuu ya Idi, aliandika kurasa mbili juu ya kuandama kwa mwezi. Hakutaja nguo, wala biriani, wala mkono wa Idi, wala mtu hata mmoja. Alipata alama 4 kati ya 20, na siwezi kusema mwalimu alikosea kusahihisha. Kengele ilipogongwa, na kengele ya skuli yao ilikuwa ringi ya gari iliyotundikwa mwembeni nje ya dirisha lake, aliziba masikio na kuingia chini ya dawati. Kwa hilo aliitwa mtundu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya naye. Walimu waliona akili nyingi na tabia ya kitoto katika mwili mmoja, wakahitimisha kwamba anadeka.

Hitimisho hilo ni la kawaida kwa sababu huwa tunadhani akili ni kitu kimoja kinachopanda na kushuka chote kwa pamoja. Kwa mtoto wa Asperger sivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwalinganisha wanafunzi wenye vipawa walio na usonji na wenye vipawa wasio nao. Katika uwezo wa kufikiri kwa maneno makundi hayo yalikaribiana, lakini wenye usonji walikuwa nyuma katika kasi ya kufanya kazi ya maandishi na katika stadi za kujimudu za kila siku. Ukiitafsiri tofauti hiyo kwa mazingira yetu utampata mwanafunzi anayelijua jibu lakini halimalizi kabla daftari halijakusanywa, anayefahamu kanuni ya eneo la duara lakini akasahau mkoba wake skuli siku tatu mfululizo. Akili huuficha ulemavu, na ulemavu huificha akili, na mwalimu aliyezoea wastani humwona mtoto wa wastani. Kwa wasichana pazia ni zito zaidi, kwa kuwa msichana asiyemtazama mtu usoni, asiyechanganyika na wenzake na anayekaa na kitabu chake pembeni, kwetu husifiwa kwa haya na adabu. Duniani kote wavulana wanaobainika wana usonji ni mara tatu au nne ya wasichana, na sehemu ya tofauti hiyo inatokana na wasichana kujifunza kuificha hali yao. Visiwani nadhani tunawasaidia kuificha.

Sasa nije kwenye skuli ya peke yake. Wanaoitaka wana hoja ambayo haifai kubezwa: madarasa yatakuwa madogo, patakuwa na utulivu, walimu watakuwa wamefunzwa, na mtoto hatacheka kwa woga kila anapochekwa. Anayelijua darasa la watoto 80 la mjini hawezi kuyadharau maneno hayo. Tatizo ni kwamba watoto wenyewe wako wachache na wako mbalimbali, kwa hiyo skuli hiyo, ikijengwa, itakuwa moja, nayo itakuwa Unguja mjini. Mtoto wa Micheweni, Pemba, ataifikia kwa boti na kwa kuishi mbali na wazee wake. Walimu wachache wenye ujuzi wa usonji watakusanywa hapo, na skuli nyengine zote zitapata ruhusa ya kusema kuwa watoto hao si kazi yao. Tena Zanzibar ilikwishachagua njia nyengine. Sera ya Elimu ya 2006 ilikubali elimu mjumuisho, yaani watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao, Sheria Namba 9 ya mwaka huohuo ilitambua haki za watu wenye ulemavu, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu hao mwaka 2009, ambao kifungu chake cha 24 kinataka mtoto afanyiwe marekebisho yanayofaa akiwa ndani ya mfumo wa elimu wa wote. Ugumu ni kwamba tulipoanza kutekeleza tuliwaza zaidi ngazi na viti vya magurudumu, nukta nundu na lugha ya alama, na tulifanya vyema. Mtoto anayetembea, anayeona, anayesikia na anayepata 95 ya hisabati hakuwamo katika picha.

Njia ya pili ni ile ambayo mfumo unampitisha mwenyewe, yaani mchepuo. Hapa kuna hoja nzito kuliko zote, nayo ni kwamba mtoto huyu, huenda kwa mara ya kwanza maishani, atakaa na wenzake wanaopenda anachokipenda. Mtoto wa Asperger haukimbii urafiki. Anachokosa ni mtu wa kuzungumza naye juu ya sayari au nambari tasa bila ya kuombwa abadilishe mazungumzo. Katika darasa la vipawa mtu huyo anaweza kupatikana, na mimi nimeshuhudia inavyomtuliza mtoto. Lakini mchujo wenyewe hupima jumla ya masomo, na jumla humwadhibu mwenye akili zenye mabonde na vilima: aliyepata alama za juu sana za hisabati na sayansi na akaanguka kwenye insha anaweza kupitwa na aliyepata wastani mzuri kila mahali. Na akichaguliwa, mara nyingi hukutana na dakhalia, yaani maisha ya bweni. Masomo humalizika mchana na mengine yote ndipo yanapoanza: foleni ya maji, foleni ya chakula, vitanda vya ghorofa katika chumba cha watoto wengi, sabuni inayoazimwa bila kurudishwa, mizaha baada ya taa kuzimwa, na taratibu zisizobandikwa ukutani za nani aanze kuoga. Kanuni zilizoandikwa mtoto huyu huzishika kuliko yeyote, na hata huwasemea wenzake wanaozivunja, jambo ambalo halimwongezei marafiki. Zile zisizoandikwa ndizo zinazomshinda. Anaporejeshwa nyumbani katikati ya muhula, husemwa kwamba masomo yamemzidi, ilhali masomo ndiyo pekee yaliyokuwa yakimpumzisha.

Ndiyo maana nasema tuanze na somo kabla ya jengo. Mtoto wa darasa la tano anayezimudu hisabati za kidato cha kwanza aruhusiwe kuingia kipindi hicho, kisha arudi kwa rika lake kwa Kiswahili, dini na michezo. Pale ambapo skuli ya msingi na sekondari ziko uwanja mmoja, kinachohitajika ni ratiba. Nikilisema hili huambiwa ni mambo ya kigeni, nami hushangaa, kwa kuwa hakuna Mzanzibari aliyepita chuoni, yaani chuo cha Kurani, ambaye hakuliona. Chuoni kila mtoto ana pahala pake katika msahafu. Wa miaka saba anaweza kuwa ameshavuka juzuu kadhaa huku wa miaka kumi na miwili yuko kwenye Amma, juzuu ya wanaoanza, wanakaa mkeka mmoja, maalimu anamsikiliza kila mmoja kwa alipofikia, na wakitoka wanacheza pamoja kwa umri wao. Si ajabu kwamba watoto wengi wa Asperger hung'ara kwanza chuoni, ambako hukmu za tajwidi, yaani kanuni za usomaji wa Kurani, ni wazi na hazibadiliki, ingawa kelele za kusoma kwa pamoja huwatesa na wapo waliotoroka kwa ajili hiyo. Utafiti wa miongo mingi juu ya watoto wenye vipawa waliosogezwa mbele kimasomo haujaonyesha yale madhara ya kijamii ambayo walimu huyaogopa. Wengi wa watoto waliochunguzwa hawakuwa na usonji, kwa hiyo sidai kwamba kila mtoto wa Asperger arushwe darasa zima. Kusogezwa kwa somo moja ni hatua ndogo, na isipofaa hurudishwa nyuma bila ya aibu.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile niliyoanza nayo, kwamba anayefaulu hana ulemavu na kumpa nafuu ni kumpendelea. Hakuna anayesema hivyo kwa mwanafunzi mwenye uoni hafifu: Baraza la Mitihani la Tanzania humpa karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada, na akipata daraja la kwanza hatumwambii kwamba kumbe alikuwa anaona. Kufaulu kwake tunakuchukua kuwa ushahidi kwamba nafuu imefanya kazi. Kwa mtoto wa Asperger tunaigeuza mantiki hiyo kwa sababu tu macho yake ni mazima. Aliyefaulu bila nafuu huwa amelipa kwa namna nyengine, na malipo hayo huonekana nyumbani: mama ndiye anayemwona anavyovua viatu mlangoni, anaingia chumbani, anajifunika shuka gubigubi na hasemi na mtu mpaka magharibi. Skuli inaandika "mtulivu" katika ripoti. Wale wanaosema ni pepo au kijicho, na wapo, wakampeleka kunyweshwa kombe (maji yaliyooshewa maandishi ya aya), angalau wameona kwamba mtoto ana kitu. Siwasifu, lakini wako karibu na ukweli kuliko anayesema hana chochote.

Hoja ya walimu ni tofauti, nayo naiheshimu. Mwalimu mwenye watoto 80, asiye na msaidizi, anauliza atapataje nafasi ya kumwangalia mmoja. Jibu la kweli ni kwamba baadhi ya mambo hatayaweza mpaka apunguziwe mzigo, na mafunzo ya siku moja ukumbini hayabadilishi hilo. Mengi ya yale anayoyahitaji mtoto huyu, hata hivyo, hayadai mikono ya ziada. Kumwambia asubuhi kwamba kipindi cha tatu hakutakuwa na mwalimu kunamchukua mwalimu nusu dakika na kunaweza kuokoa siku nzima. Kuandika ubaoni kazi inayotakiwa badala ya kuitaja tu kwa mdomo huwafaa wote 80. Kumkalisha mbali na dirisha la kengele, kumruhusu akae maktaba wakati wa mapumziko, kumwambia katika insha "taja watu watatu na walivyosema", haya yanahitaji mwalimu aliyeambiwa kwa nini. Hapo ndipo tunapokwama, kwa sababu tunasubiri uthibitisho wa daktari, na wataalamu wa kumpima mtoto mwenye akili nyingi visiwani ni wachache mno. Nafuu za namna hii hazina sumu. Akipewa ambaye hakuwa na Asperger hatadhurika. Ushahidi wa mwalimu, mzazi na maalimu wa chuo ungetosha kuzianza, na karatasi ya hospitali ikaja baadaye.

Kutokana na hayo, mabadiliko matatu yanawezekana bila kungoja mtu wa nje. Uchaguzi wa vipawa uwe na mlango wa somo mojamoja pamoja na ule wa jumla, na aliyechaguliwa ambaye hali yake inajulikana apewe hiari ya kusoma mchepuo ulio karibu kama mwanafunzi wa kutwa. Pili, maelezo ya mtoto yahame naye. Anapotoka darasa la sita kwenda kidato cha kwanza huhama na alama zake tu, na yale yote ambayo walimu wake waliyagundua kwa taabu katika miaka sita, kwamba msimguse bega kwa nyuma, kwamba akinyamaza msimlazimishe, hupotea likizo ya mwisho wa mwaka. La tatu linahusu siku yenyewe ya skuli. Serikali imejenga skuli za ghorofa ili kumaliza mikondo miwili, yaani zamu ya asubuhi na ya mchana, na ni jambo jema kwa watoto karibu wote. Kwa huyu, ambaye nusu siku ilikuwa ndiyo kipimo cha kelele anachokimudu, siku ndefu itakuwa nzito zaidi, na katika majengo hayo sijasikia mtu akizungumzia chumba cha utulivu. Ni rahisi kukitenga sasa kuliko baada ya kila chumba kupata mwenyewe.

Kuhusu mitihani, mamlaka yapo mikononi mwetu kwa kiasi ambacho hatukitumii. Darasa la nne, darasa la sita na kidato cha pili ni mitihani ya Baraza la Mitihani la Zanzibar; mpaka kidato cha nne ndipo mwanafunzi anapokutana na ule wa Muungano. Muda wa ziada, chumba chenye watahiniwa wachache na maswali ya insha yaliyoandikwa wazi vinaweza kuamuliwa hapahapa. Ombi hilo liwasilishwe na skuli, lisiachiwe mzazi abishe milango, na lianze darasa la nne, ili mtoto anapofika la sita nafuu zake ziwe zimeshajaribiwa na kurekebishwa na watu wanaomjua.